Mtutu wa Huyu, Kitako cha Yule

Bibi jirani yetu alikuwa na bunduki ukuta mzima wa sebuleni, naye akiogopa mlio wa bunduki kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Siku za harusi, wanaume wakianza kupiga baruti, yeye hukimbilia jikoni, akafunga mlango na kujiziba masikio kwa mtandio. Tukimcheka hutwambia, "Chekeni tu. Mie napenda bunduki iliyonyamaza. Ikisema, hainihusu."

Nilimjua tangu tulipohamia mji wa Ibra, huku Uarabuni, kutoka Tabora. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na Kiarabu cha kuendelea na skuli sikuwa nacho, nikabaki nyumbani na cherehani ya mama. Mlango wetu na mlango wake ilitazamana, katikati linapita gari moja tu. Mimi si msemaji. Nyumba za watu nilikuwa nikiingia, nikaamkia, nikakaa, mpaka nikaaga sijasema neno jingine. Kwake haikuwa tabu, maana alisema yeye kwa ajili yetu sote wawili, kwa Kiswahili chake cha Unguja ya zamani, kinachokwenda taratibu kama mtu anayeshuka ngazi na sinia la vikombe.

Sasa hayupo. Lakini nikiingia sebuleni pale hata leo, kwanza hunyamaza, kama nilivyonyamaza siku ya kwanza.

Bunduki zile zilitundikwa kwenye ukuta usiopata jua, moja juu ya nyingine, kuanzia usawa wa goti mpaka karibu na dari. Zote bunduki za jeshi, za zamani sana, na hata moja haikuweza kupiga. Kwa mbali unaona bunduki. Ukisogea ndipo unaona ajabu yake. Hakuna hata moja iliyokuwa kitu kimoja. Mtutu wa Kituruki wenye maandishi yaliyofutika umekaa kwenye mtambo wa kufyatulia wenye muhuri wa taji la Kiingereza, na mtambo nao umezama kwenye kitako chekundu kilichochongwa milimani Jabal Akhdar kwa mti wa mlozi, bado kina alama za patasi. Pete za fedha zinazoshika chuma na mti zimetoka kwenye bunduki ya tatu, na kwa kuwa hazikuenea, chini yake pametiwa vipande vya ngozi ya mbuzi. Nambari zilizogongwa kwenye chuma zinasema hivi huku, na kule zinasema vingine kabisa. Moja ilikuwa na mtutu mrefu kunishinda mimi, na kitako kifupi cha bunduki ya askari wa farasi. Ilikuwa kama mzee mrefu aliyevaa viatu vya mtoto.

Na zote zilishikana. Hilo ndilo lililonitia mshangao, na linanitia mpaka sasa. Ukiinyanyua haichezi, haigongi, utadhani ilizaliwa hivyo. Kazi hiyo akiifanya mwenyewe, amekaa chini, miguu ameinyoosha, vidole vina hina, mkononi ana tupa. Anasugua kidogo, anajaribisha, anasugua tena. Ikikataa haipigi nyundo. Anaiweka kando anakwenda kupika. "Ikae ifikiri," anasema.

Wanaume wapenda bunduki za kale hawakumwelewa. Wao wanatafuta bunduki nzima, nambari za huku na huku ziwe sawa, na wakiipata huitangaza soko zima. Mara moja mjomba wangu, aliyekuja kutoka Nizwa na aliyejua mambo hayo, alitazama ukuta ule kwa huruma.

"Bibi, hukupata hata moja nzima?"

"Nilizipata nyingi."

"Ukazifanya nini?"

"Nikaziacha zilipo. Nzima ina mwenyewe mmoja, mwanangu. Na mwenyewe mmoja siku moja ataamka vibaya."

Mjomba alicheka, akanywa kahawa yake. Mimi niliona ni maneno ya kikongwe tu.

Vipande vyake vingi vilitoka katika soko la wanawake la Jumatano, hapa hapa Ibra. Siku hiyo mwanamume haingii upande ule. Wanawake wanauza vitambaa, ubani, vipodozi, samli, na mtu aliyefiwa na mume akipenda huja na vitu vilivyobaki uvunguni. Bibi alikuwa akipita polepole, nami nambebea mkoba, na hakuwa akitazama vitu. Alitazama nyuso. Akimwona mwanamke amekaa na kitu kirefu kilichofungwa kwenye shuka na haiti wateja, anakaa kitako mbele yake kama aliyealikwa.

Namkumbuka mmoja, mjane wa mtu wa vijiji vya juu. Shuka ilipofunguliwa tuliona mtutu mweusi, mzuri, uliokuwa komeo la zizi la mbuzi.

"Shikamoo, bibi. Utanipa nini?"

"Marahaba. Sikupi kitu. Sinunui."

"Sasa wanisumbulia nini na joto hili?"

"Niwekee. Mtutu ukae ukutani kwangu. Siku ukiutaka, njoo uuchukue."

"Na mie nitapata nini?"

"Utapata pahala pa kuja kunywa kahawa."

Wenye biashara jirani wakaangua kicheko. "Huyo hafungui mkoba, dada! Tangu tumjue hajaufungua!" Bibi naye akacheka nao, akaniomba halwa iliyokuwa mkobani, akamkatia yule mjane kipande kikubwa. Wakala. Wakaulizana habari za marehemu, alikuwa mkali au mpole, alipenda chai au kahawa, mwisho wake ulikuwaje. Yule mjane alilia kidogo, akajifuta. Tulipoondoka, mtutu ulikuwa begani mwangu.

Watu wakimwita bakhili kwa sababu hiyo, na kwa kweli alikuwa na ubakhili wa ajabu. Kamba iliyokatika aliifunga akaitumia. Maji ya kuoshea mchele aliyapeleka kwenye ndimu. Lakini ukifika kwake na njaa huondoki nayo, na ukisifu kitu chake, kiwe kikombe au mkeka, kesho yake unakikuta mlangoni kwako. Mimi nilijifunza kunyamaza mbele ya vitu vyake vizuri, nisije nikamfilisi. Vya ukutani tu ndivyo havikutoka. Hivyo alisema si vyake kutoa, na hilo pia tuliliona ni namna yake ya kusema.

Kila Idi ikikaribia, alikuwa na siku aliyoiita siku ya mafuta. Wanawake wote waliomwekea vipande walikuja, na kila mmoja alipaka mafuta kipande chake. Chuma kilipakwa mafuta ya cherehani, ambayo niliyaleta mimi, na mti ulipakwa mafuta ya nazi. Unaanzia nyuma, kwenye mtambo, unamalizia mdomoni mwa mtutu. Ukianzia mdomoni, bibi anagonga sakafu kwa kifundo cha kidole, kwa kuwa, alisema, unasukuma uchafu ndani. Na kwa kuwa bunduki moja ina vipande vya watu wengi, ilibidi mtu na mwenziwe wakae wameishika pamoja, mmoja huku, mmoja kule, kama watu wanaokunja shuka.

Bi Zuweina na Bi Rahma walikuwa na bunduki moja. Kitako cha Zuweina, mtutu wa Rahma. Mwana wa Zuweina alimwacha binti wa Rahma, na tangu hapo hawasemezani, harusini hukaa vyumba mbalimbali. Lakini siku ya mafuta walikaa mkeka mmoja, magoti yanakaribia kugusana.

"Mwambie mwenye kitako ainue kidogo," Rahma ananiambia mimi.

"Mwambie mwenye mtutu nimeinua mpaka mkono unauma," anajibu Zuweina.

"Mwambie unauma kwa unene."

"Mwambie mie nakula kwangu."

Mimi sikumwambia mtu kitu. Bibi alikuwa pembeni anachambua mchele, hanyanyui uso, ila mabega yalikuwa yakimtikisika. Mpaka mafuta yalipokwisha kuingia kwenye mti, Zuweina alikuwa amesahau akauliza moja kwa moja, "Na huyo mtoto, mguu wake umepona?" Rahma naye akasahau akamjibu. Mtoto ni mjukuu wao wote wawili.

Siku nyingine, akiwa na tupa mkononi, bibi alinisimulia habari ya ndugu wawili. Baba yao alifariki akawaachia bunduki moja. Kila mmoja aliitaka kwenda nayo kwenye razha, ile ngoma ya wanaume ya safu mbili na silaha mkononi. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenziwe, basi wakaigawa kama wanavyogawa mbuzi. Mkubwa akachukua mtutu, mdogo akachukua kitako. Idi ilipofika wote wawili wakaja uwanjani, mmoja ameshika bomba la chuma, mwingine ameshika kipande cha mti, wakaingia safuni.

"Watu walicheka?" niliuliza.

"Walicheka mpaka wakakaa chini. Wao hawakucheka. Na hawakusemezana tena mpaka walipozikwa."

Alisugua, akapuliza vumbi la chuma.

"Kitako kilichomwa kuni mwaka wa baridi kali. Mtutu nikaukuta umeegemezwa mzabibu wetu."

Ndipo nilipojua kwamba yule mkubwa alikuwa baba yake. Mtutu ule ndio uliokuwa kwenye bunduki ya juu kabisa, ya kwanza kuungwa. Kitako chake kilikuwa cha rafiki wa bibi, wa kijiji cha Misfat al Abriyeen, mwanamke asiyekuwa na mtoto wala ndugu, aliyempa kabisa kabla ya kufariki. Katika ukuta mzima, ile peke yake ndiyo iliyokuwa ya bibi, chuma na mti.

Majira ya baridi ya mwisho aliniita nimshonee mkanda wa bunduki ile. Nilikata kitambaa kizito, nikaudarizi kwa viua vya kofia za wanaume, uzi wa kahawia na wa zari. Nilishona taratibu kama ninavyoandika. Nilipompelekea aliupitisha wote vidoleni, akautazama karibu na dirisha, na uso wake ulinifanya nitamani kushona tena papo hapo.

"Zawadi yako, bibi."

"Siutaki kwa zawadi."

Nilishtuka. "Sikutaka kitu, bibi, wallah."

"Najua. Niwekee."

"Nikuwekee nini tena? Mkanda tu huu."

"Sema, fundi. Sema: nimekuwekea."

Nikasema, kwa sauti ndogo, nikiona haya bila kujua naona haya ya nini. Akanitaka nirudie kwa sauti ya kusikika. Nikarudia. Ndipo akaufunga, akaipandisha bunduki mahali pake, akaniambia nikachemshe maziwa.

Mwezi wa Ramadhani ulipomalizika akapata kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulikufa na maneno yakaenda nao. Kwa mtu aliyesema kwa ajili ya wawili, kimya chake kilikuwa kigumu kukizoea. Nilikwenda kumlisha uji na kukaa naye. Sasa tulikuwa wanyamavu wawili chumba kimoja, na mkono wake mzima tu ndio uliozungumza, ukigonga kitanda.

Mwanawe akaja kutoka Maskat. Ni mtu mzuri, wa kazi ya ofisini, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala. Aliamua kumchukua mama yake akae naye na nyumba ifungwe. Alimweleza mwenyewe kitandani, kwa upole, amemshika mkono. Bibi alimsikiliza kuhusu nyumba na hakugonga. Alipofika kwenye bunduki, akasema hazikai ghorofani penye watoto na amempata mtu wa Nizwa atakayezinunua, mkono ukaanza kugonga, haukukoma.

"Mama, ni vyuma tu," alisema, akatoka akijifuta uso.

Mnunuzi alikuja asubuhi, mwenye ndevu nzuri na sanduku la zana. Hakuwa mtu mbaya. Alipoingia sebuleni alinyamaza kama watu wote. Halafu akasogea, akaanza kusoma nambari, akatikisa kichwa.

"Zilivyo hivi hazina maana. Vipande vyake, lakini, mashallah! Nitazifungua zote. Mitutu ya Kituruki nitaitia pamoja na vitako vya Kituruki, ya Kiingereza na ya Kiingereza. Kila kitu kirudi kwao."

Akashusha ya kwanza iliyo karibu, akatoa bisibisi. Ilikuwa ile ya Zuweina na Rahma.

Mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Bibi aliona. Mkono wake uligonga ubao wa kitanda kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Mwanawe akanigeukia mimi niliyesimama na bakuli la uji.

"Wewe fundi uko hapa kila siku. Hizi zote si za mama?"

Niliweka bakuli chini nikatoka barazani, nadhani alifikiri nimekimbia. Nikaitoa simu. Kwenye kundi letu la wanawake wa mtaa sijapata kusema hata siku moja, huwa nasikiliza tu. Nikabonyeza, nikasema, "Shikamooni. Leo siku ya mafuta. Njooni sasa hivi, tafadhali, kuna mtu na bisibisi."

Walikuja. Rahma alikuja na unga mikononi. Zuweina alikuja na gari la mwanawe na kuliacha katikati ya njia, milango wazi. Wengine walikuja kwa miguu, na yule mjane wa mtutu wa zizi alifika mwisho kabisa, anahema. Waliingia na salamu, wakakaa kwenye mkeka, kila mmoja chini ya kipande chake, wakatoa vitambaa vyao.

"Baba," Zuweina alimwambia mnunuzi, "hebu weka hiyo chini. Kitako hicho changu."

"Mama, hukumuuzia mwenye nyumba?"

"Nani? Huyu? Huyu hajapata kununua kitu maisha yake! Nimemwekea."

"Na mtutu wangu," alisema Rahma. "Nami siuzi maadamu mwenzangu anataka kuuza."

"Nani kakwambia nataka kuuza?"

"Hutaki?"

"Sitaki."

"Basi hatuuzi," Rahma alisema, na walipotambua kwamba wamekubaliana, wote wawili waligeuza nyuso.

Mnunuzi aliuliza kila bunduki, na kila bunduki ilijibiwa na watu wawili, watatu. Pete za huyu, mtambo wa yule. Alianza kwa kukunja uso, lakini alivyoendelea alipunguza sauti, na bisibisi akairudisha sandukuni mwenyewe. Alikuwa mtu anayeogopa Mungu, na alielewa kabla yetu sisi. Ukuta mzima ulikuwa amana. Ili kuuza bunduki moja, ilibidi wakubaliane wote wanaoishika, na bibi aliwachagua vizuri wa kushikana.

Ikabaki ya juu kabisa.

"Na hii?"

Wote walijua mtutu ulikuwa wa baba yake bibi na kitako alipewa kabisa. Zuweina alitazama sakafu.

"Hii ya mama peke yake," alisema mwanawe. Akapanda kiti, akaishusha. "Angalau hii."

Chumbani, mkono haukugonga. Niligeuka. Bibi alikuwa ananitazama mimi, si bunduki, si mwanawe. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa siku ile aliponitaka niseme kwa sauti ya kusikika.

"Mkanda ni wangu," nilisema.

"Unasemaje?"

"Mkanda. Ni wangu mimi. Nimemwekea."

Mnunuzi alinitazama kwa upole. "Mkanda si unafunguka, mwanangu? Uvue uchukue."

Macho yote ya mkekani yalikuwa kwangu.

"Siuvui," nilisema. "Na kwa upande wangu, siuzi."

Kutoka chumbani ikatoka sauti ambayo hatukuisikia tangu alipougua. Ilikuwa nusu ya kicheko, maana nusu ya mdomo tu ndiyo iliyofanya kazi, lakini mabega yalitikisika yote mawili.

Mnunuzi akafunga sanduku lake. "Nimezunguka na bunduki umri wangu wote," alimwambia mwana, "sijaona ukuta kama huu. Nipeni kahawa niende zangu."

Alipokwisha kuondoka, mwana alibaki kwenye kiti, bunduki mapajani. Hakukasirika. Alikuwa akiupitisha mkono kwenye ule mtutu, polepole, mahali palipopauka kwa kuegemezwa mzabibu.

"Huu wa babu," alisema, kama anajiuliza. Halafu akashuka, akakaa mkekani, akanyoosha mkono kwa mtu aliye karibu. "Chuma mnakipaka mafuta gani?"

"Ya cherehani!" walimwambia wote kwa mpigo.

Nikampa kichupa. Nikashika mkanda kwa upande wangu, naye akashika mtutu kwa upande wake, akalowesha kitambaa, akaanzia mdomoni.

Chumbani kitanda kikagongwa.

Mwana akainua kichwa, akatutazama, hakuelewa. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaigeuza, akaanzia nyuma. Kugonga kukakoma.